Magurudumu Manne Yavae Viatu Sawa

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, walimu wetu wapendwa, na wewe msomaji ambaye huenda umelifungua jarida hili ukitafuta mashairi ya mapenzi, niwieni radhi. Mwaka huu sikuleta shairi, wala insha ya siku nitakayoikumbuka daima. Nimeleta hoja ya matairi. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya gereji na si ya jarida la Kiswahili. Nami nawauliza, tangu lini Kiswahili kikakatazwa kuingia gereji? Mafundi wa jua kali hapa Nakuru huzungumza Kiswahili toka asubuhi hadi jioni, na gari likipona mikononi mwao limepona kwa Kiswahili.

Hoja yangu ni hii. Mtu mwenye gari la kasi linalosukumwa na magurudumu yote manne, kama vile Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution, asilivishe matairi mapana nyuma na membamba mbele kwa ajili ya urembo. Yawe manne sawa, upana mmoja na kimo kimoja. Atakaye kufanya vingine na aje na hesabu mkononi, asije na picha ya kalenda.

Nasema hivi kwa sababu mtindo huu umeenea mtaani kama moto wa nyika. Tangu Safari Rally irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 na makao yake kuwekwa Naivasha, siku za mashindano barabara yetu hujaa Subaru za kila rangi. Ukisimama kando utaona nyingine zimepanuka nyuma kama bata mzinga aliyekasirika. Vijana hupiga mbinja. "Cheki vile imekaa!" Mimi pia hutazama, maana macho hayana pazia, na sina budi kukiri kwamba zinapendeza. Lakini gari halitembei kwa kupendeza.

Mtindo wenyewe una asili yake, na asili hiyo si upumbavu. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kazi imegawanywa. Ya mbele yanakata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki, ya nyuma yanasukuma. Dereva akikanyaga mafuta, uzito hurudi nyuma, na matairi ya nyuma hubebeshwa mzigo wote wa kulisukuma gari. Ndiyo maana wahandisi huyapanua. BMW M3 iliyotoka mwaka 2000 ilivaa matairi ya upana wa milimita 225 mbele na 255 nyuma. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Tatizo ni kwamba kijana ameona M3 kwenye picha, akafikiri kila gari la kasi linastahili kuvaa vile. Impreza haisukumwi na nyuma peke yake. Mbele kwake kunavuta na kukata kona kwa wakati mmoja.

Sasa niingie kwa mjomba wangu, kwa maana bila yeye nisingejua lolote kati ya haya.

Mjomba ni fundi wa stima. Aliweka akiba miaka mingi, akanunua Impreza yenye turbo na gia za mkono, iliyokuwa imepitia mikono miwili kabla yake. Ilikuwa na matairi ya 205/55 R16 pande zote. Mawili ya nyuma yalipokwisha, alikwenda katika duka moja la matairi ambalo sitalitaja. Muuzaji akamwambia, "Bosi, nyuma weka 225, itakaa kama simba. Si unaona zote ni hamsini na tano, zote ni kumi na sita? Ni ileile tu." Mjomba akalipa, akaenda zake akitabasamu.

Hapa ndipo penye mtego, na ningependa kila msomaji ajue kuutegua. Namba ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya mwisho, 16, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile ya katikati, 55, ndiyo inayodanganya watu. Hiyo si milimita wala si inchi. Ni asilimia. Inasema kwamba ubavu wa tairi, toka kwenye rimu hadi unapokanyaga lami, una kimo cha asilimia 55 ya upana wake. Kwa hivyo upana ukiongezeka na 55 ikabaki 55, tairi limeongezeka kimo pia. Si "ileile tu".

Hebu chukueni kalamu. Asilimia 55 ya 205 ni 112.75. Kuna ubavu juu na ubavu chini, kwa hivyo mara mbili, 225.5. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4. Jumla, kipenyo cha tairi la mbele ni milimita 631.9. Fanya vivyo hivyo kwa 225/55 R16 na utapata 653.9. Tofauti ni milimita 22, kama upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Ukizidisha kwa 22 juu ya 7 kama tulivyofunzwa, mzingo wa tairi la mbele ni karibu milimita 1,986 na wa nyuma 2,055. Maana yake, kila kilomita moja, tairi la mbele linazunguka kama mara 504 na la nyuma mara 487. Mizunguko 17 ya tofauti kwa kila kilomita! Toka hapa Nakuru hadi Naivasha ni kilomita 70 hivi, kwa hivyo mjomba akienda huko, mbele kumezunguka zaidi ya mara 1,100 kuliko nyuma. (Tairi likibebeshwa uzito hubonyea kidogo, kwa hivyo barabarani tarakimu zitayumba kidogo, ila tofauti haiendi popote. Mwalimu wa hisabati na akague.)

Katika gari la kusukumwa na nyuma tofauti hiyo haidhuru sana, kwa kuwa mbele na nyuma hazijaunganishwa. Mbele yanazunguka kivyake. Lakini katika gari la magurudumu yote manne, shafti inayokwenda mbele na ile inayokwenda nyuma zinakutana katikati. Fikiria watu wawili waliobeba boriti moja begani, mmoja ana hatua ndefu na mwenziwe ana hatua fupi. Hatua kumi za kwanza hakuna atakayeona kitu. Wakifika mia, boriti inawavuta mabega. Wakifika elfu, mmoja ameanguka.

Wahandisi walijua kwamba mbele na nyuma haziwezi kutembea sawa kila wakati. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hivyo wakaweka difu ya kati ili kila upande upate nafasi ya kupishana na mwenzake. Katika Impreza nyingi za gia za mkono, difu hiyo ina mwenza, yaani kopo lililofungwa lenye sahani nyembamba nyingi zinazoogelea katika mafuta mazito ya silikoni. Nusu ya sahani hufuata upande mmoja na nusu hufuata wa pili. Gurudumu likiteleza matopeni na upande mmoja ukaanza kukimbia, mafuta yale hupata joto, hukaza, na kuzishika sahani zisipishane sana. Ndivyo nguvu zinavyopelekwa kwenye magurudumu yanayokanyaga imara. Ni kazi ya dakika chache, kisha kopo linapumzika na kupoa.

Ukilivisha gari matairi ya mizingo tofauti, kopo lile halipumziki tena. Kila kilomita ya barabara iliyonyooka, kwake, ni kama gari linateleza. Linapata joto asubuhi, linapata joto jioni. Mjomba alianza kusikia gari likijivuta anapokata kona taratibu kuingia mahali pa kuegesha, kana kwamba breki zimeshika. Akafikiri ni breki kweli, akabadilisha pedi. Wapi! Baadaye ikaja harufu. Fundi alipoichunguza gia boksi alisema kile kifaa cha kati kimeshikana kabisa, hakiachii tena. Alipima matairi kwa utepe wa fundi cherehani, akacheka, kisha akaacha kucheka alipomwona mjomba usoni.

Mjomba alirudi dukani. Huko akaambiwa tairi haiwezi kuharibu gia boksi, ati hayo ni mambo mawili tofauti. Basi. Pesa za kununua kifaa kingine zilitoka mahali zilipotoka, na mojawapo ya mahali hapo palikuwa pesa zangu za chakula cha mchana, ambazo mjomba ndiye hunilipia. Sisi wanafunzi wa kutwa tunajua maana ya hilo. Nilibeba githeri kwenye kopo muhula mzima. Silalamiki, githeri ya mama ni tamu hata ikiwa baridi, lakini mtaelewa ni kwa nini hoja hii si ya kalenda kwangu.

Sasa yuko ndugu mmoja wa kidato cha nne, mpenzi mkubwa wa magari, aliyenipinga tulipoijadili hoja hii chamani. Alisema, "Hiyo ni shida ya namba mbaya. Mjomba wako angeweka 225/50 nyuma, hakungekuwa na neno." Na ni kweli. Nilipiga hesabu hiyo pia. Tairi la 225/50 R16 lina kipenyo cha milimita 631.4, nusu milimita tu chini ya lile la 205/55. Mizingo inalingana, difu inapumua. Kinachoiua difu ni mzingo, si upana, na mtu asije akasema nilificha jambo hilo.

Hata hivyo bado nakataa, na sababu yangu ya pili haihusu gia boksi bali kona.

Injini ya Subaru imelala mbele kabisa, mbele ya ekseli ya mbele. Karibu asilimia 60 ya uzito wa Impreza imekaa puani. Matairi ya mbele yanabeba uzito huo, yanakata kona, yanavuta gari, na dereva akifunga breki ndiyo yanayoelemewa zaidi. Nyuma kumebaki kazi nyepesi kuliko mbele. Sasa wewe unachukua tairi pana, unampa yule mwenye kazi nyepesi! Kinachofuata ni kwamba nyuma kunang'ang'ania lami kuliko mbele. Ukiingia kona kwa kasi, mkia unasimama imara kama askari, lakini pua inakataa kugeuka. Unazungusha usukani na gari linakwenda moja kwa moja. Hayo ndiyo maradhi ya kuzaliwa ya gari la aina hii, na tairi pana la nyuma linayaongeza badala ya kuyatibu. Mvua ikinyesha kule Sachangwan na lori linapanda kutoka upande wa pili, pua inayokataa kugeuka si urembo tena.

Ndugu yule hakukoma. "Na Nissan GT-R? Si ni ya magurudumu manne? Na nyuma si pana?" Swali zuri, na nililijibu mbele ya wote. GT-R iliyoanza kuuzwa mwaka 2007 ilitoka kiwandani na 255/40 mbele na 285/35 nyuma, rimu za inchi 20. Piga hesabu. Mbele ni milimita 712, nyuma ni 707.5. Upana umetofautiana kwa milimita 30, lakini vipenyo vimetofautiana kwa milimita nne na nusu tu. Aliyechagua namba hizo alipima kwanza. Fauka ya hayo, gia boksi ya GT-R imewekwa nyuma ili kupunguza uzito wa pua, na mara nyingi gari lile hujisukuma kwa magurudumu ya nyuma, kisha kompyuta hupeleka hadi nusu ya nguvu mbele inapohitajika. Nyuma ndiko kwenye kazi. Porsche 911 Turbo nayo ilipopewa magurudumu yote manne mwaka 1995 ilivaa 225 mbele na 285 nyuma, kwa sababu injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Mzigo uko huko, tairi pana liko huko.

Ndipo nikamtolea mfano wa Audi RS 3 ya mwaka 2021. Injini yake iko mbele, pua yake ni nzito kama ya Impreza. Audi wamelivisha gari hilo 265 mbele na 245 nyuma. Umesikia vizuri, pana ziko mbele! Na nguvu za nyuma hupitia klachi mbili zinazotawaliwa na kompyuta iliyofundishwa kuyajua matairi hayo. Kwa hivyo kijana wa Subaru akitaka kuiga kiwanda, kiwanda kinachofanana na chake kimepanua upande wa pili kabisa. Kuna methali ya yule aliyemwiga tembo, lakini naiacha, mwalimu mhariri ataikata.

Nitaje pia jambo ambalo katika nchi yetu lingetosha peke yake, nalo ni gurudumu la akiba. Tazama magari ya Safari. Toka Hannu Mikkola aliposhinda mwaka 1987 kwa Audi 200 Quattro, gari la kwanza la magurudumu yote manne kuushinda mchuano huo, hadi Colin McRae na Impreza yake mwaka 1997, na hadi leo kule Naivasha, adui mkubwa amekuwa ni mawe. Magari ya mashindano ya vumbi huvaa tairi za kipimo kimoja pembe zote nne, na hubeba gurudumu la akiba moja au mawili ambalo huingia pembe yoyote. Tairi likipasuka, waliomo wanashuka, wanabadilisha, wanaendelea. Watu hao wangeweza kuvaa chochote wakitaka. Sasa wewe unayetoka Nyahururu saa mbili usiku, mashimo mbele, ukungu kila mahali, una matairi ya aina mbili na akiba moja. Utabeba ya mbele au ya nyuma? Ukikosea kuchagua, utarudi nyumbani kwa mwendo wa konokono ukiiombea difu yako.

Halafu kuna kubadilishana. Matairi manne sawa unaweza kuyahamisha, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele, ili yachakae pamoja. Katika gari la aina hii hilo si la hiari, kwa sababu uchakavu nao hubadilisha mzingo. Tairi jipya lina meno ya kama milimita 8. Yakisagika hadi 3, kipenyo kimepungua kwa milimita 10, karibu nusu ya ile tofauti iliyomuumiza mjomba. Kitabu cha mwenye gari cha Subaru kinataka matairi manne yawe ya kipimo kimoja, aina moja na uchakavu unaolingana. Na hapa ndipo pananiuma, maana watu wa kipato chetu hununua matairi mawili mawili. Mwisho wa mwezi huu mawili, miezi mitatu baadaye mawili mengine. Gari la magurudumu manne halijui habari za mshahara. Ni afadhali mtu angoje hadi apate ya manne, au asinunue gari la namna hii, kuliko kuvisha mapya nyuma na kuacha vipara mbele. Najua ni rahisi kwangu kusema, mimi ambaye sijanunua hata tairi la baiskeli.

Mwenzangu mmoja alinong'ona kwamba nazungumza kama mzee. Ati gari ni raha, tuache hesabu darasani. Mimi naona raha ya Impreza ni pale mvua inaponyesha, magari mengine yanateleza kwenye matope ya Njoro, nayo inapita kama haijaona kitu. Raha hiyo imejengwa juu ya magurudumu manne yanayokubaliana. Ukiyagombanisha, umenunua gari la bei ghali ukalifanya liwe la bei rahisi, tena kwa pesa zako mwenyewe.

Impreza ya mjomba sasa ina matairi manne ya 205/55, yote yalinunuliwa siku moja, na chaki ya fundi ingali ikionekana ubavuni. Yale mawili ya 225 yapo nyuma ya nyumba, kuku wanalala ndani yake. Mwenye gari la kusukumwa na nyuma anayeyataka na aniulize mimi, Kidato cha Tatu, dawati la pili kutoka dirishani. Aje na utepe wa kupimia.